Majimoto wa Mdogo Wangu

Yule msichana wa chuo kikuu alipokuja mara ya kwanza, alipita mbele ya nyumba yangu ya mawe, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza njia ya kwenda kwa mdogo wangu. Nilikuwa nafagia uwanja. Mimi nikifagia nafagia kweli, mchanga unabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Nilimtazama, mabuti ya mpira, mkoba mgongoni, Kiswahili cha bara, nikamuuliza kwa mdogo wangu kuna nini cha kutafutwa. Akasema anachunguza chungu wanaoishi katika msitu unaoota upya baada ya kukatwa, na watu wa barabarani wamemwambia kwamba huko nyuma kuna msitu wa namna hiyo. Nikamwelekeza kwa ufagio, nikaendelea na kazi yangu.

Shikamoo yake yenyewe iliniuma, maana ilikuwa shikamoo ya kupita.

Shamba letu ni la marehemu baba, upande wa bara wa barabara ya Malindi na Kilifi, pale ambapo mchanga mweupe unaanza kugeuka mwekundu. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mke na mabinti wawili, mimi mkubwa na mdogo wangu, na shamba refu lenye nusu mbili zisizofanana. Nusu ya mbele ina minazi na mikorosho. Hiyo niliichukua mimi, kwa sababu ndimi niliyejenga, ndimi niliyestaafu ualimu nikahama chumba cha kupanga Kibarani nikaja kukaa na mama. Nusu ya nyuma baba aliimaliza kwa tanuu za makaa. Alikata kila mti isipokuwa minazi na mikorosho michache, kisha akachoka mwenyewe, akaiacha, na miti ikarudi bila kuombwa. Kule mwisho kabisa, mpakani, pameachwa tangu tukiwa wasichana, na sasa ni msitu ambao mtu hupita ameinama. Huku karibu, alipojaribu mihogo kabla hajafariki, ni kichaka cha juzijuzi tu, kimefika kifuani.

Mdogo wangu aliolewa Mambrui, akasilimu, akakaa huko mpaka mumewe alipofariki. Alirudi na sanduku, mkeka na Kiswahili cha Mambrui, kile kinachotoka mdomoni taratibu kama mtu anamimina samli. Mama alipenda kumsikiliza. Mimi nilifundisha Kiswahili karibu maisha yangu yote, na sikumbuki siku aliyoniambia mama, endelea, mwanangu, sema tena. Tulipogawana shamba yeye mwenyewe alichagua nyuma. Akajenga nyumba ya udongo na makuti katikati ya vichaka, hakufyeka zaidi ya pale mlango unapofungukia. Nilimwonea huruma, na ile huruma ilinipendeza sana, nikakaa nayo raha mustarehe mpaka yule msichana alipokuja.

Tangu siku ile kila asubuhi nilisikia kicheko kutoka nyuma. Msichana alikuwa akipikiwa chai ya tangawizi na mahamri, halafu wanaingia vichakani pamoja. Siku ya tatu au ya nne uvumilivu ulinishinda. Nilijitia kwenda kuazima ungo, ingawa ungo wangu ulikuwa umetundikwa ukutani, na mdogo wangu anaujua.

"Karibu, dada, karibu," akasema. "Pita ndani, mgeni wetu yuko kazini."

Mgeni wetu! Nilimkuta msichana amepiga magoti chini. Alikuwa amefukia vikombe vya plastiki ardhini, midomo ikiwa sawasawa na udongo, ndani maji ya sabuni, ili chungu anayepita aanguke. Kando yake alikuwa ametandaza vipande vya karatasi, na juu ya kila kipande tonge dogo la samaki wa kopo. Alikuwa akitazama nani anakuja kwanza, nani anakuja baadaye na kumfukuza aliyetangulia. Nikamuuliza kama ndiyo kazi aliyosomea. Akacheka, akasema ndiyo, mama, ndiyo hii hii.

Jambo lililoniuma zaidi sikulitegemea. Mama alikuwepo. Mimi nilidhani yuko kibarazani kwangu, kwenye kiti nilichomnunulia Kilifi, chenye mto. Kumbe alikuwa amekalia kigoda chini ya mkwaju mchanga, ana fimbo mkononi, anafukuza kuku wasije wakala samaki wa chungu.

"Nimepewa kazi," mama akaniambia. Uso wake uling'aa. Mimi nilimlisha, nilimfulia, nilimpeleka hospitali, sikumruhusu hata kushika jembe, na uso ule kwangu sikuwahi kuuona.

Nikamgeukia msichana. "Na kwangu je?" nikauliza. "Kwangu hakuna chungu?"

Akasema alikuwa akitafuta namna ya kuniomba. Alihitaji shamba safi, lisilo na kichaka chochote, lililo karibu na msitu huo huo. Nilifurahi. Asubuhi waliyokuja kwangu niliamka mapema, nikafagia uwanja, nikafagia chini ya minazi yote, nikakusanya kila jani na kila kijiti nikachoma, ili chungu wangu waonekane mahali pa heshima. Msichana alipofika alisimama akatazama, akaniambia, "Mama, umefagia." Nikasema naam. Akatandaza karatasi zake.

Samaki hakukaa sana. Walitokea chungu wadogo wa kahawia, wale tunaowaita sisimizi tukitaka kuwadharau, wakaja kwa mstari, kisha mistari ikawa mingi, wakamfunika samaki akawa haonekani. Katikati yao walikuwa wengine wenye vichwa vikubwa kupita miili, wanatembea polepole kama mabwana shamba. Nikangoja aina nyingine. Tulienda karatasi ya pili, ya tatu, ya mwisho kabisa karibu na barabara. Ni wao. Kila mahali ni wao.

"Ni hawa tu?" nikauliza.

"Karibu wote, mama." Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma. "Ardhi ikisafishwa hivi, jua linaipiga moja kwa moja. Chungu wengi hawaiwezi. Wanaolala ndani ya vijiti vikavu hawana vijiti. Wanaoishi chini ya majani hawana majani. Hawa wanaiweza. Wanazidi, na wakishazidi, mwingine akija hapewi nafasi."

"Kwa hiyo wana nguvu."

"Hapa wana nguvu. Kule nyuma wapo pia, lakini si wakubwa wa mtaa."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando, leso kichwani, anatazama chini. Najua alikuwa anazuia kucheka. Labda hakuwa. Mimi niliona anacheka.

Lakini nilikuwa nimeshanasa. Nilianza kwenda nyuma kila siku, si kwa kupenda chungu, ila nisiachwe. Nikajifunza hata nisiyoyataka. Kwenye kichaka cha juzijuzi ndiko kulikokuwa na vita. Wale wadogo wangu wa kahawia walikuwa wamefika hadi pale, wakakutana na weusi wenye miguu mirefu waliokuwa wakitoka msituni, na juu ya lile tonge la samaki nilimwona mweusi mmoja ameshikwa kila mguu, anavutwa huku na huku, mpaka mwenye kichwa kikubwa akaja kumkata. Nilitazama mpaka mwisho. Mdogo wangu alisema, "Maskini." Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa wale wa kwangu.

Kwenye msitu wa mwisho mambo yalikuwa mengine. Pale samaki alifikiwa kwanza na chungu wembamba wenye mbio, wakabeba walichoweza kabla wakubwa hawajaja kuwafukuza. Wengine walitoka asubuhi tu, jua likipanda hawapo, na wengine hawakutoka mpaka joto lizidi. Msichana alivunja kijiti kikavu, kidogo kama kalamu, ndani mkawa na jamii nzima na watoto wake. Na juu, kwenye miti, walikuwa majimoto, wale wekundu wanaoshona majani mabichi yakawa kiota, wakikuchoma utajua jina lao limetoka wapi. Kila jamii ya majimoto ilikuwa na miti yake, na mpaka kati ya jamii na jamii ulilindwa. Wale wa vijitini waliishi chini yao kabisa, wakipita kimya.

"Wanapendana, basi," mama akasema kutoka kigodani.

"Hawapendani, nyanya," msichana akamjibu. "Wamepata vyumba tu."

Mama alicheka mpaka akashika kifua. Tangu lini mama anacheka kwa ajili ya chungu? Nikarudi nyumbani nikafagia.

Sasa, ndani ya kile kichaka cha mdogo wangu ilikuwamo minazi michache ya baba, imesongwa na miti. Yangu ilikuwa mingi, imenyooka, chini peupe. Lakini yangu ilikuwa ikidondosha vidaka. Kila asubuhi nilizoa zile nazi changa zisizofika hata ukubwa wa ngumi, zina makovu ya utomvu, nikawa nazitupa kabla mama hajaziona. Ya mdogo wangu ilikuwa imebeba mpaka makuti yamelala. Msichana alieleza kwamba kuna mdudu anayefyonza nazi changa, na majimoto wakikaa mnazini hawamruhusu. Kwangu majimoto hawakuwapo, kwa sababu wale wadogo walipanda minazi wakawafukuza. Hayo alinieleza mbele ya mdogo wangu. Nilisema ahaa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichonunua.

Msichana akasafiri kidogo kwenda chuoni. Na katika siku hizo, asubuhi, niliwaona mama na mdogo wangu wanakuja kwa njia ya katikati, mikono yao imepakwa majivu mpaka kwenye viwiko, mdogo wangu amebeba gunia lililofungwa mdomo kwa kamba. Mama alikuwa anatembea mbele na yale magoti yake mabovu, mwenye furaha kama anayeleta posa.

"Tumekuletea majimoto," mama akasema.

Walikuwa wamejipaka majivu wasichomwe, wakakata viota, vingine kwenye mkorosho karibu na nyumba ya mdogo wangu, vingine kule msitu wa mwisho. Mdogo wangu alifikiri vikiwa vingi ndiyo vizuri zaidi. Tukamwita mgema wa jirani, akapanda mnazi wangu mkubwa akavifunga kwenye makuti huku anatukana. Nilisema ahsante. Ilinitoka kwa taabu, maana kupewa kitu na mdogo wangu ni kazi kwangu, na kupewa mbele ya mama ni kazi mbili. Lakini moyoni, nisifiche, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu madafu.

Jua halijafika utosini majimoto walianza kudondoka. Walidondoka wawili wawili na watatu watatu, wameshikana, meno ya huyu kwenye kiuno cha yule. Wa mkorosho na wa msitu wa mwisho walikuwa wamekutana juu ya mnazi wangu. Na chini, juu ya mchanga wangu niliofagia, wale wadogo wa kahawia walikuwa wameshajipanga. Kila mwekundu aliyegusa ardhi alibebwa. Mama alisimama hapo mpaka mwisho, akashikilia shina la mnazi, midomo imekazwa.

"Tazama," nikamwambia mdogo wangu. "Hata chungu wa kwako hawataki kukaa kwangu."

"Dada, sikujua," akasema. "Wallahi sikujua."

Msichana aliporudi alitueleza. Ni majimoto wote, lakini kila jamii ina harufu yake, na wa harufu nyingine ni adui hata akifanana nawe kila kitu. Halafu hakuna kiota kilichokuwa na malkia, kwa hiyo hata wasingepigana wangeisha polepole. Na tena ile ardhi yangu. Akasema kama ningeacha nyasi na vichaka kidogo chini ya minazi, wale wadogo wangepata makao na chakula huko huko chini, wasihangaike sana kupanda, na majimoto wa nyuma wangeweza kusogea wenyewe, mti kwa mti. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hajui. Hilo nililipenda, kwamba kuna asilolijua.

Sikuacha chochote kiote. Kwangu mimi uwanja wenye magugu ni uwanja wa mtu aliyeshindwa.

Haukupita muda mrefu, tunakula jioni, ugali na mchicha wa nazi, mama akaosha mkono kabla ya kumaliza. Akasema, "Mwanangu, nataka nikalale kule kwa mdogo wako. Kwenda na kurudi magoti yananiuma."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na chumba chenye sakafu ya saruji, choo cha karibu, chandarua kipya, kiti chenye mto. Nilikuwa na miaka yote niliyokaa naye wakati yule mwingine yuko Mambrui anajifunza kusema taib. Katika hayo yote kilichotoka ni, "Nenda. Nani amekuzuia?"

Kesho yake nilijitia hamnazo kabisa. Nililipakia godoro lake kwenye wilibaro mimi mwenyewe, nikalisukuma kwa njia ya katikati, mbio mbio, yeye nyuma na fimbo yake. Mdogo wangu alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Nilikataa chai. Nilirudi na wilibaro tupu, likawa linapiga kelele njia nzima, na nikazifurahia zile kelele kwa kuwa zilifunika za moyo wangu.

Nilijipa matumaini kwamba ni ile kazi ya kufukuza kuku tu, na msichana akimaliza utafiti wake mama atarudi. Msichana akamaliza. Alikuja kuniaga, akanishukuru kwa shamba langu safi, akasema limemsaidia sana kuonyesha tofauti. Akaenda zake. Mama hakurudi. Nikingoja asubuhi nilisikia kule nyuma sauti yake na ya mdogo wangu, na sauti ya kinu, anatwanga! Kwangu nilimkataza kutwanga kwa ajili ya mgongo wake. Sasa hakukuwa na chungu wa kusingizia. Alikuwa amempenda mdogo wangu na vichaka vyake, basi.

Nilikaa na gere hilo wiki baada ya wiki. Nilikula nalo. Nikienda kanisani nilikuwa nalo, mchungaji anahubiri upendo, mimi namwona mama anamenya muhogo kwenye kivuli cha mtu mwingine. Na katika kufikiri huko nikafikia uamuzi wangu. Kama mama anataka kichaka, kichaka atakipata. Kwani kichaka ni kitu gani? Ni kutofanya kazi tu. Mdogo wangu hakukipanda.

Nikatundika ufagio. Panga nikalifunga kwa gunia nikaliweka juu ya kabati. Mvua ya mwaka ikaanza, na shamba likaanza kupumua. Nyasi zilitoka kwanza, kisha magugu ya majani mapana, kisha miche ya mwarobaini na ya mkwaju ambayo sijui ndege gani aliileta. Majani ya mkorosho yalianguka nikayaacha yaoze. Watu wakiuliza niliwaambia ni kwa ajili ya minazi, ni mambo ya utafiti. Hawakuniamini. Kwetu uwanja ukiota magugu mwenyewe ana ugonjwa au ana msiba, hakuna sababu ya tatu. Akina mama wa kanisani walinitembelea na uji kwenye thamosi. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nalala vizuri.

Nilijikaza. Kila nilipopita mlangoni mikono ilikuwa inawasha kutaka panga. Magugu yalinifika gotini, nikajiambia, bado, ya mdogo wangu yako kifuani.

Asubuhi moja niliona chungu weusi wembamba wanapanda kisiki cha mkorosho. Sikuwahi kuwaona kwangu. Nilichuchumaa nikawatazama wanavyokwepa wale wadogo wa kahawia, wanapita juu ya jani badala ya chini, wanarudi, wanapita tena. Siku nyingine nilivunja kijiti kikavu, na ndani walikuwamo watu! Nilisimama nacho mkononi nikageuka kumwita mtu. Hapakuwa na mtu. Nikakirudisha chini kijiti, nikaingia ndani.

Habari zikafika nyuma. Sijui ni nani aliyepeleka, labda mgema. Mama alikuja asubuhi, jembe begani, kifurushi cha nguo mkononi, anahema kwa uchovu. Aliweka kifurushi kibarazani, akanishika paji la uso kwa kiganja, akanifunua kope kama mtoto.

"Homa imekushika tangu lini?"

"Sina homa, mama."

"Basi ni nini? Watu wanasema shamba limekushinda. Nimelala nalia."

Nilikuwa na furaha iliyonitia kiwewe. Kifurushi kilikuwa pale kibarazani, na kifurushi maana yake ni kulala. Nikaingia jikoni kuweka chai, nikatafuta kikombe chake, nikakipangusa ingawa kilikuwa kisafi. Nilipotoka nilisikia sauti ya jembe.

Mama alikuwa ameanza kulima. Alianza mlangoni, akaja kwa mstari, na yale magoti yake, anapiga, anang'oa, anakung'uta udongo, anatupa kando. Miche ya mwarobaini ilikuwa imelala kwenye lundo na mizizi yake nje. Miche ile ilikuwa yangu, kila jani nilikuwa nalijua. Nikaweka chai chini.

"Mama, acha! Usilime!"

"Nikuache ulale na nyoka?"

"Acha, mama. Nimeyaacha makusudi."

"Makusudi ya nini?"

Ningeweza kusema ni ya minazi. Neno lilikuwa tayari, nimeshalisema kwa kila mtu. Lakini alikuwa amesimama na jembe, jasho linamtoka, amekuja kwa miguu akidhani nakufa.

"Ya wewe," nikasema. "Nilitaka pafanane na kule. Ili urudi."

Mama alinitazama. Akatazama magugu. Akateremsha jembe taratibu likasimama kwa mpini, akaliegemea.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Siku ile ulikimbia na godoro langu. Nilikuwa nakuita nyuma, ngoja, mwanangu, nataka kupumzika, hukugeuka. Nikasema, huyu amenichoka, amefurahi ninaondoka. Nikakaa kule."

Kelele za wilibaro. Sikuwa nimemsikia.

"Si ungeniambia tu, 'Mama, usiende'?" akauliza.

Nilikuwa mwalimu, nimesimama mbele ya watoto wa watu nikawafundisha kutunga sentensi.

"Haya," mama akasema. "Niambie sasa."

"Mama, usiende."

"Nimesikia," akasema, kisha akaomba chai yake kabla haijapoa.

Mchana mdogo wangu alikuja. Mama alikuwa amempelekea salamu kupitia kwa mgema kwamba atalala huku. Alikuja na mkeka wa mama kichwani na tenga la kuku wa mama mkononi, peke yake, leso imemteleza. Aliweka tenga chini pale uwanjani, nusu yake umelimwa na nusu ni magugu. Nilisimama kibarazani nimenyooka, nikingoja kuuona uso wa mtu aliyepokonywa, kwa kuwa uso huo naujua kuliko mtu yeyote.

Hakunitazama hata. Alimwendea mama moja kwa moja, akamshika mikono miwili, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Mama," akasema, "mimi sitaki uondoke kwangu. Nitabaki na nani?"

Alisema hivyo tu, wazi wazi, mbele yangu na mbele ya kuku, kama mtu anayeomba chumvi. Mama akamvuta akamkalisha kando yake, akampangusa uso kwa ncha ya leso. Mimi neno lile lilinigharimu msimu mzima wa mvua na shamba zima la magugu, tena mpaka nikaamriwa kulisema. Mama alikuwa amerudi kwangu, mkeka wake uko mlangoni pangu, na bado nilisimama pale nikimwonea mdogo wangu wivu.